Mama Aliposema TV ya 4K Ina Ukungu

Nilimkunja shati mdogo wangu Twalib mbele ya mama, sebuleni kwetu Temeke.

"Mwizi mkubwa wewe. Umemletea mama TV feki!"

"Dada Naima, wallahi ni 4K. Soma boksi."

"Boksi hata uchochoroni wanachapa."

Jamani, nisikilizeni kwanza kabla hamjanihukumu...

Mama alikuwa na TV ya HD, inchi thelathini na mbili. Akaanza kulalamika picha ina ukungu. Kila asubuhi anafuta kioo kwa khanga yake, ukungu hautoki. Mie nikiangalia naona kawaida tu, ila HD na 4K siwezi kuzitofautisha, nikamwamini yeye anayeshinda mbele yake. Nikajua ishu ni HD, mambo ya kizamani. Nikamtuma Twalib Buguruni akalete 4K, inchi hamsini na tano.

Imefungwa ukutani, mama kakaa mkekani.

"Ukungu ni ule ule, wanangu."

Ningemwelewaje Twalib hapo? Stika ya 4K si inabandikwa hata kwenye TV isiyo ya 4K?

Nikamwita muuzaji, Gaudens, aje mwenyewe. Akachomeka flashi yake yenye video ya 4K, akawasha, akakagua.

"Sista, hii ni 4K halali. Na king'amuzi chenu kinatoa HD. Kwa chumba hiki, hata ile ya mwanzo iliwatosha."

"Sasa mbona mama haoni?"

Gaudens akanitazama. Halafu akachuchumaa pembeni ya mkeka.

"Mama, shikamoo. Hapo kwenye kioo kuna nini?"

Alikuwepo kasuku, kajaa kioo kizima.

Mama akakaza macho kuelekea ukutani.

"Naona rangi tu, baba."

Nikapiga magoti mbele yake.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla ya Ramadhani. Nikasema labda TV ikiwa nzuri nitaona. Nyie mnahangaika na maisha, niwaongezee na macho?"

Twalib akatoka nje kulia. Mie hata kulia nilishindwa.

Hospitali wakasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Wametupa dawa ya matone ya kulinda kidogo kilichobaki, basi. Yaani miezi yote tunabishana HD na 4K, huku mama anapofuka tunamtazama.

Ndugu zangu, mzazi akikwambia TV haionekani vizuri, usikimbilie dukani. Mpeleke kwanza akapimwe macho. TV utachagua baadaye, na huenda uliyonayo inatosha.

Leo nimekaa karibu yake. Akanishika uso kwa vidole, taratibu, kutoka kwenye paji mpaka kidevuni.

"Umekonda, Naima," akasema. "Mbona hukuniambia?"