Boksi Moja Ndani ya Nyumba

Gurudumu la kitoroli lilipita juu ya buti jekundu la Marlena Tackett katikati ya maonyesho ya magitaa ya Nashville. Kabla hajapiga ukelele, akaona mzigo uliokuwa juu ya kitoroli: amplifaya ya gitaa, ile ya mirija ya kioo inayowaka, ngozi ya kijani, na mbele kibao cha shaba chenye jina la fundi wake, Royce Cantrell.

"Mungu wangu!" akasema, ameushika mguu. "Miaka sita tangu tuachane, na huyu mwanamume bado ananikanyaga!"

Mwenye kitoroli akavua kofia. Alikuwa mrefu, mabega yamepinda kidogo kama ya watu wote waliopakata gitaa tangu utotoni. Alivaa koti la kodrai la rangi ya haradali, na midomo ilikuwa bado imemvimba kwa pilipili ya kuku aliyemtafuna dakika tano nyuma.

"Samahani, bibie."

"Buti jekundu hivi hukuliona?"

"Nililiona. Ndiyo maana sikuangalia ninakokwenda."

Ukumbi mzima ulikuwa kelele tupu. Wanaume mia tatu walipiga magitaa kwa wakati mmoja, kila mtu na wimbo wake, kama banda la kuku lililoingiliwa na kicheche. Marlena aliwajua wote kwa tabia. Wangefika mezani kwake, wachungulie amplifaya alizoziunda kwa mkono wake, waya kwa waya, halafu wamuulize, "Mumeo yuko wapi?" Akijibu kwamba hana mume na fundi ni yeye, swali la pili lilikuwa tayari mdomoni: "Royce ndiye aliyekufundisha?" Royce hakumfundisha kitu. Aliyemfundisha ni baba yake, fundi wa televisheni, wakati Royce bado anafungwa kamba za viatu na mama yake.

Huyu mwenye koti la haradali hakuuliza. Alichomeka gitaa kwenye amplifaya ya Marlena, akapiga noti tatu pole pole, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani. Wenzake humo ndani walipiga kwa mikono. Yeye alipiga kwa masikio.

"Nani ameiunda?"

"Mimi."

"Basi usimuuzie mtu mwingine." Akanyoosha mkono. "Garland Ousley. Napiga gitaa kwenye nyimbo za watu wengine."

"Na hiyo ya Royce?"

"Niliisubiri miaka miwili, nikauza gari nikaipata. Ndiyo sauti inayonilisha."

"Sasa utakuwa nazo mbili. Mwanamume mwenye wawili hulala nje, umesikia hilo?"

"Nikilala nje, nitapita barabara ipi kufika kwako?"

Marlena akacheka hata bisibisi ikamdondoka kutoka mfuko wa gauni lake la jinzi.

Simu zikaanza wiki hiyo hiyo.

"Bi Marlena, mrija mmoja unalia kama paka aliyebanwa mlangoni."

"Ugongegonge kwa penseli, taratibu."

"Nimegonga."

"Umenyamaza?"

"Umenyamaza."

"Basi mbona hukati simu?"

"Wewe mbona hukati?"

Hakuna aliyekata. Ilipofika Juni mirija ya Garland ilikuwa inaugua kila siku, tena saa ile ile Marlena anapopakua chakula. Ilipofika Oktoba, mswaki wake ulikuwa umehamia kwa Marlena, na yeye mwenyewe akawa njiani kuufuata.

Sasa, nyumba ya Marlena ilikuwa vyumba viwili na karakana, na ilikuwa na sheria moja. Enzi za Royce maboksi, yaani amplifaya, yalikuwa kumi na manne, mengine mpaka miguuni pa kitanda, na usiku mmoja boksi lilimvunja Marlena kidole cha mguu akienda chooni. Siku aliyopata talaka aliapa: karakana ni ya kazi, lakini ndani ya nyumba ni boksi moja tu, hata aje nani.

"Chagua," akamwambia Garland. "Langu au la Royce. Nami sitanuna."

Alisema hivyo, na alipokuwa akisema aliamini.

Mafundi wa amplifaya wana namna yao ya kupima. Maboksi mawili hufunikwa shuka, mpigaji huketi ameutazama ukuta, na mtu mwingine huhamisha waya bila kusema ni lipi linalolia. Lakini kabla ya yote, huchukuliwa kipima sauti na maboksi yote mawili yakalinganishwa yalie kwa ukubwa mmoja. Sikio la binadamu ni lafi. Lipe vitu viwili vilivyo sawa, litachukua chenye sauti kubwa zaidi, hata kidogo tu, na kuapa kwamba ndicho kitamu. Hudanganyika hata sikio la fundi, hata la mtu aliyeonywa.

Marlena alilinganisha kwa haki kabisa. Garland akapiga la kwanza, akapiga la pili, uso ukutani.

"Hili la pili," akasema kwa sauti ya chini, "linanijua."

La pili lilikuwa la Royce.

"Rudia," Marlena akasema. Na mkono wake, ule mkono wa binti wa fundi, ukaenda kwenye kitufe cha sauti cha boksi lake, ukakisogeza juu kwa upana wa unywele.

Garland akapiga. "Ngoja. Ngoja kwanza. La kwanza lina kifua. Sikulisikia vizuri mwanzo?" Akapiga tena, na mara ya nne. "La kwanza, asali wangu. Hili la kwanza kabisa."

Alipofunua shuka na kuona ni la nani, alimnyanyua Marlena juu mpaka buti moja likamvuka. Jumatatu akapeleka boksi la Royce dukani, na kabla ya Ijumaa likanunuliwa na daktari wa meno wa Franklin. Marlena alipika biskuti na mchuzi wa soseji, akaimba jikoni, na hakulala vizuri.

Njia ya mwongo ni fupi, nayo yake ilikuwa na urefu wa miezi mitatu. Siku ya kupima, Garland alikuwa ameacha kinasa sauti chake mezani kinanasa, maana mpiga gitaa hatupi noti. Mnamo Januari, akiwa studio, alifungua kanda ile apate kipande cha wimbo. Kwenye kioo cha kompyuta sauti huonekana kama milima. Raundi ya kwanza, milima ilikuwa ya kimo kimoja. Raundi ya pili, mlima mmoja ulikuwa umeota.

Simu ya Marlena ikalia saa nne asubuhi.

"Marlena." Hakusema asali, hakusema bibie.

"Nini, mpenzi? Mrija?"

"Ulikigusa kitufe?"

Karakanani moshi wa risasi ya kulehemu ulikuwa ukipanda mbele ya uso wake. Angeweza kusema kiligeuka chenyewe. Vitufe hugeuka.

"Nilikigusa," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema lake linakujua."

"Ungeniomba nibaki na lako, ningebaki nalo. Siku hiyo hiyo! Hata lingelia kama debe. Lakini hukuniomba, ulinipangia."

"Garland, ulikuwa unywele tu…"

"Mtu akinidanganya macho namsamehe, macho yangu hayana kazi. Masikio ndiyo shamba langu, Marlena. Miezi mitatu naenda kazini, najiuliza mbona mkono haukai sawa, nadhani nazeeka! Wewe unagombana na Royce, na mimi ndio uwanja wenu?"

Jioni alikuja kuchukua nguo na mswaki. Boksi akaliacha pale pale lilipokuwa.

"Hilo ni lako," Marlena akamkumbusha, mikono imekunjwa kifuani.

"Sikulichagua," akajibu, akaenda kupanga chumba kule Madison.

Marlena alipiga simu siku tisa, na siku tisa simu haikupokelewa. Siku ya kumi akaacha kupiga. Akavaa buti zake, akaenda dukani, akapata namba ya daktari wa meno.

"Dakta Ames? Nataka kulinunua lile boksi la kijani."

"Lile la Royce Cantrell? Oo, mama, umechelewa. Limekufa."

"Limekufaje?"

"Unajua, mimi sipigi sana gitaa. Napenda ile mirija inavyowaka, inapendeza sebuleni. Mke wangu akawa analalamika kwamba spika inavuma, basi nikachomoa waya wa spika nikaacha taa tu. Iliwaka vizuri mno! Halafu pakanuka kama bisi zilizoungua."

Marlena akafumba macho. Kuwasha amplifaya ya mirija bila spika ni kumfunga mtu mdomo ukamlazimisha apige chafya. Transfoma lazima iwe imeteketea.

"Dakta, nikikuletea nyingine inayowaka zaidi, utanipa hiyo maiti?"

"Inawaka zaidi?"

"Kama kanisa siku ya Krismasi. Lakini uniahidi kwamba spika hutaigusa. Mkeo akilalamika, mnunulie pamba ya masikio."

Alimpa boksi lake mwenyewe, lile aliloachiwa sebuleni. Daktari wa meno akafurahi kuliko alivyostahili.

Kisha akampigia Royce, kwa kuwa transfoma ya Royce ni Royce mwenyewe aliyeisuka.

"Foleni ni miezi kumi na minne," Royce akasema.

"Royce, ni mimi."

"Najua ni wewe. Hata kwako ni kumi na minne."

Basi akalifungua mwenyewe. Mara ya kwanza baada ya miaka sita akaitazama kazi ya Royce kwa ndani: kila waya umelazwa, kila tone la risasi linang'aa kama jicho la samaki mbichi. Mume alikuwa wa ovyo yule, lakini fundi alikuwa fundi. Marlena akakaa kwenye kigoda, akakubali peke yake, bila wa kumsikia, kwamba Garland siku ile alisikia kweli. Boksi la Royce halikuwa zuri kuliko lake. Lilikuwa limekaa mkononi mwa Garland, basi, kama kiatu cha zamani. Kukubali huko kulimchoma, kisha kukapoa, kama vidole vyake vilivyochomwa mara elfu na chuma cha kulehemu.

Akakata transfoma iliyoungua, akasuka nyingine kwa mkono, siku tatu.

Garland alipofungua mlango kule Madison, mchana wa Jumamosi, alikuta kitoroli na buti jekundu pembeni yake. Marlena alikuwa amevaa gauni la buluu lisilo na bisibisi hata moja. Garland akaliinamia boksi la kijani lililokuwa juu ya kitoroli.

"Umelipata wapi?"

"Nimebadilishana. Langu nimempa daktari."

"Ulimpa lako?"

"Kabla hujafurahi, nisikilize. Si lile lile. Daktari aliliwasha bila spika, transfoma ikaungua. Hii ya sasa nimeisuka mimi. Ningeweza kunyamaza, ukadhani ni lako la zamani. Nilishika kitasa cha mlango wako nikawaza kunyamaza. Huenda halikujui tena. Likikukataa, sema, nami nitakirudisha kitoroli nilikokitoa na hutaniona. Lakini siku ile ulisikia kweli. Hujazeeka."

Garland akaliingiza ndani. Akachomeka gitaa, akasubiri mirija ipate moto, akapiga noti tatu zile zile za kwenye maonyesho. Akainamisha kichwa. Marlena alisimama mlangoni, mkoba kaukumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Si lile," Garland akasema.

"Nimekwambia."

"Nyuzi za juu ni zile zile. Ila huku chini…" Akapiga uzi mnene, akauacha ulie mpaka ukaisha. "Huku chini kuna mtu mwingine."

"Mbaya?"

"Mkaidi. Anasukuma." Akapiga tena. Midomo ikaanza kumcheza. "Kiburi kama cha mtu fulani ninayemjua."

"Sema moja, Garland Ousley. Linafaa au halifai?"

"Sijui bado. Linataka kuzoewa. Nami nimezoea kuzoea." Akaweka kidole juu ya nyuzi zikanyamaza. "Kwako bado sheria ni boksi moja?"

"Moja."

"Na wapiga gitaa?"

"Mmoja. Tena awe anaoga."

"Na akitaka kuoa?"

Marlena akauweka mkoba chini. "Aulize kwanza kwa adabu," akasema.

"Nitauliza. Lakini nataka kusikia vizuri." Garland akageuza kiti, akaketi ameutazama ukuta, mgongo kwa boksi, gitaa pajani, macho kayafumba. "Haya, mke mtarajiwa. Niwekee sauti."

Marlena akasogea. Kipima sauti hakikuwepo, wala hakikuulizwa. Akainama, akakishika kitufe kwa vidole viwili vyenye makovu.

Safari hii akapunguza, upana ule ule wa unywele.