Jibu la Kwaheri

Kila asubuhi, kabla ya kengele, msichana mmoja wa darasa la sita aliketi kwenye ngazi za shule akiwasahihishia wenzake Kiingereza. Walimwita Profesa. Jina hilo lilianza kama dhihaka. Yeye alilipokea kama cheo.

"Profesa, vile vijimkia vya mwisho wa maswali vinanichanganya," mwenzake alilalamika.

"Weka *isn't it* kila mahali, umemaliza. Si ni 'sivyo' tu?"

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amempigia mistari myekundu kwa hilo. Profesa aliamua kwamba mwalimu ana visa.

Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa binti wa mhandisi, mgeni asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Urafiki wao ulitegemea Kiingereza cha Profesa, na ulinyooka kuliko Kiingereza chenyewe. Kisha ujenzi wa daraja uliomleta baba yake ukaisha. Jumamosi lori lilipakiwa magodoro, meza na baiskeli waliyozoea kupakizana. Binti wa mhandisi akamshika mkono.

"*You won't forget me, will you?*"

Hutanisahau, sivyo? Profesa alielewa kila neno. Alijibu kama ambavyo angejibu nyumbani, kwa kukubali kwa moyo wote.

"*Yes.*"

Rafiki yake akauachia mkono. "*Yes?*"

"*Yes*," Profesa akasisitiza.

Mgeni akapanda garini bila kugeuka.

Ujumbe ambao Profesa aliutuma kwa simu ya mama yake haukujibiwa. Wala simu haikupokelewa.

"Mwanangu, mbona chakula unakichezea tu?" mama aliuliza.

Darasani mwalimu alimkuta amelaza kichwa juu ya dawati.

"Profesa, umestaafu?"

Msichana akamsimulia yote. Mwalimu hakucheka.

"Binti yangu, ulimwambia utamsahau. Kwa Kiswahili, 'ndiyo' humkubalia aliyeuliza. Kwa Kiingereza unatazama tendo lenyewe. Hutamsahau? Basi jibu ni *No*."

"Nami nilirudia, Mwalimu."

"Tena kwa matamshi safi, kwa bahati mbaya."

Wakaandika pamoja ujumbe mfupi wa kueleza kosa, naye Profesa akautuma alipofika nyumbani. Jioni simu ya mama ikaita. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyetoka kulia.

"*You've forgotten me, haven't you?*"

Umenisahau, sivyo? Safari hii mkia ulikuwa umegeuka. Profesa alitazama tendo lenyewe.

"*No*," alisema. "*No, I haven't.*"

Walilia wote wawili mpaka salio likaisha. Walikuwa wamepatana, ingawa umbali haukupungua hata kidogo.

Kesho yake mwalimu alimwita mezani.

"Mstari mwekundu haukuwa uadui. Anayekataa kusahihishwa kwenye daftari atasahihishwa na maisha, na maisha hayatumii kalamu. Hutapuuza tena masahihisho, sivyo?"

Profesa alifungua kinywa, akakifunga, akafikiri kwa lugha zote mbili.

"Sitapuuza, Mwalimu."