Bangili Ndani ya Amplifaya

Anayetaka kucheka acheke. Haya yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, na aliyeyaleta ni mumewe, shemeji yangu, mtu ambaye angekufundisha hata kupumua akidhani hujui.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu kwenye kituo chetu cha redio. Mimi ni fundi wa mitambo. Shemeji ndiye injinia, na tulimwita Bwana Asilimia kwa sababu hamalizi sentensi bila kutaja asilimia. Mdogo wangu alikuwa mtangazaji wa asubuhi. Paka wa ofisi alikuwa juu ya amplifaya, amelala fofofo.

Paka alijua anachofanya. Amplifaya ndiyo huitia sauti nguvu kabla haijapanda kwenye antena, na yetu ilikuwa kongwe. Nusu ya umeme iliokula ilirushwa hewani, nusu iliishia kuwa joto kwenye mapezi yake ya bati, yale ya kuupoza mtambo. Bwana Asilimia akaapa kuikomesha. "Nitaifikisha asilimia tisini," akasema, akinitazama kana kwamba umeme naupoteza mimi.

Akataka koili mpya. Waya wa dukani akaukataa, eti shaba yake chafu. Akataka bangili ya mkewe, ya shaba, aliyovishwa na mama akiwa mtoto na ambayo haikuwahi kutoka mkononi. Yaani huyu mwanamume! Akaikata kwa koleo mbele yangu, akainyoosha, akaizungusha ikawa koili. Mdogo wangu alibaki anasugua mkono mtupu.

"Mwache tu, kaka," akaninong'oneza. "Asije akanuna."

Mita ikasoma tisini. Kesho yake tisini na tisa. Halafu mia na nne.

Hata mjinga anajua hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachopewa. Nikamwambia, "Shemeji, ama mita ni mbovu, ama kuna kingine kinacholiwa humo ndani."

"Wivu tu huo, fundi," akacheka, kisha akawaalika wakubwa wa makao makuu waje kuona maajabu yake.

Paka alihama siku ileile. Mapezi yalikuwa ya baridi, yanatiririka maji. Niliweka kiganja. Mdogo wangu akizungumza kwenye maikrofoni, bati linazidi kupoa. Muziki ukipigwa, linatulia. Akirudi hewani, linapoa tena. 

Siku wageni walipokuja, nilipitia studio kwanza. Mdogo wangu amevaa sweta mbili, na nje jua linawaka. Nikamshika mkono, nikauachia upesi.

"Kaka," akanong'ona, "chai inapoa mdomoni mwangu."

Nikakimbilia chumba cha mitambo. Bwana Asilimia akanizuia mlangoni, wageni na tai zao nyuma yake.

"Usiniaibishe mbele ya wakubwa."

"Izime! Unamuua mkeo!"

Tukashikana mashati. Kwenye spika ya ukutani mdogo wangu alikuwa anasoma habari. Sauti safi. Nzito. Haijawahi kuwa nzuri hivyo. Wageni wakapiga makofi. Sindano ya mita ikagonga mwisho.

Spika ikanyamaza.

Tulimkuta ameegemea meza, macho wazi. Daktari alisema ni moyo. Lakini alipomgusa mara ya kwanza, aliuliza nani amemtoa kwenye jokofu.

Msibani, Bwana Asilimia alizunguka akiwaambia watu kwamba mita ilikuwa mbovu. Sasa ndiyo mbovu! Mita ileile aliyopigiwa makofi! Namdharau mtu yule mpaka nachoka, na hajawahi hata mara moja kuulizia bangili.

Tulipotoka kuzika, nilikata nyaya zote, nikaitupa ile amplifaya stoo. Haijaunganishwa na chochote. Nilikusudia kuing'oa koili, nikashindwa kuigusa.

Jana nilifungua stoo kutafuta ngazi. Paka alikuwa juu ya mapezi, amelala fofofo. Nikaweka kiganja upande wa pili, ambao hakuulalia.

Vuguvugu. Mtambo haupati joto la namna ile. Nililijua mara moja. Lilikuwa joto la mkono wa mdogo wangu nilipokuwa namvusha barabara kwenda shule.

Nilipouondoa mkono, bati likaanza kupoa. Nikaurudisha.