Tarumbeta Asilolipiga Eliudi

"Kornelio kaniambia hujawahi hata kulishika tarumbeta!"

Eliudi aligeuka upesi kutazama mlango wa daktari. Ulikuwa wazi kidogo. Muda si mrefu angeitwa humo kusailiwa, na wakimkubali angekwenda kusomea uganga.

"Punguza sauti, Rahabu. Utanimaliza."

"Kornelio ndiye anayeongoza matarumbeta ya kanisa, hawezi kukosea. Mwaka mzima, kila jioni unaniacha njiani: 'Nawahi mazoezi.' Unawahi kwa nani?"

Rahabu alilitua birika la chai sakafuni kwa kishindo hata kifuniko kikalia. Rahabu alikuwa mhudumu pale hospitali ya Lushoto, binti wa mzee wa kanisa Sefania wa Magamba. Baba yake alikubali posa kwa sababu moja tu: kijana huyu, ingawa bado hajaanza kupiga ibadani, anajifunza tarumbeta ili amtumikie Mungu. Sasa tarumbeta lenyewe halipo!

"Si mwanamke," alisema Eliudi.

"Ni nini basi?"

"Nikisema, baba yako hatanipa mke. Na wewe mwenyewe utanikimbia."

Hapo Rahabu aliogopa kwelikweli. Afadhali angesema ni mwanamke, maana mwanamke mwenzako unajua pa kumshika. Alikumbuka maneno ya majirani: kwa akina Eliudi mlango hufungwa mapema, majani yanachemshwa, kisha maji yanamwagwa nyuma ya nyumba kwa kificho. Yeye aliwacheka. Leo hakuona la kucheka. Je, kama anaolewa na mchawi?

"Kwenye fomu, walipouliza unafanya nini nje ya masomo, uliandika nini?"

"Tarumbeta. Na uskauti."

"Eliudi!"

"Wenzangu wote wameandika makubwa. Kweli yangu mimi haiandikiki." Alimshika mkono. "Daktari anajua wewe ni wa Magamba. Akikuuliza, sema napiga. Neno moja tu, Rahabu."

"Eliudi wa Magamba!" sauti iliita kutoka ndani.

Rahabu aliingia nyuma yake na chai. Mezani walikaa wawili: daktari Mwingereza, na Bwana Darweshi wa Tanga, mganga msaidizi wa siku nyingi.

"Shikamooni," alisema Eliudi.

"Marahaba. Kaa," alisema Bwana Darweshi.

Daktari alisoma karatasi, akatabasamu.

"Tarumbeta! Mimi pia nilipiga nilipokuwa kijana. Jumapili nitakuja Magamba kukusikiliza. Unapiga sauti ya kwanza au ya pili?"

Eliudi alijifuta uso kwa mkono wa shati. Jasho lilimtoka, ingawa nje ya dirisha kulikuwa na ukungu wa baridi.

"Rahabu," daktari alimgeukia, "wewe unatoka huko. Anapiga vizuri?"

Rahabu alimwona Eliudi akimtazama kwa macho ya kuomba. Akisema ndiyo, Jumapili uongo utakuwa wa wawili, na kazi yake mwenyewe hapo hospitali itakwenda na maji. Akisema hapana, amemzika mwanamume anayempenda.

"Bwana Daktari," alisema, "mwulize mwenyewe. Nitasimama hapa nimsikie."

Eliudi aliinamisha kichwa. Alisugua viganja vyake magotini.

"Sipigi," alisema. "Wala si skauti. Nimedanganya."

Tabasamu la daktari lilikwisha. "Na baada ya masomo unafanya nini?"

"Siwezi kusema mbele ya huyu."

"Sema mbele yangu," alisema Rahabu. Machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka. "Hata kama ni uchawi, sema!"

"Namwosha mama yangu."

Bwana Darweshi aliweka kikombe chini taratibu.

"Kiharusi kilimwangusha mwaka jana," Eliudi aliendelea bila kuinua uso. "Dada sina. Watu wanadhani shangazi Jenoveva ndiye anayemhudumia, lakini mgongo wake hauwezi tena kumwinua mtu. Nafunga mlango. Namvua, namkanda kwa maji ya majani, namgeuza. Mimi, mtoto wa kiume."

"Na hilo ni baya?" daktari aliuliza.

"Kwetu ni zito, bwana," alijibu Darweshi. "Mwana kuona uchi wa mamaye, watu husema kajitia laana. Ndiyo maana kafunga mlango." Kisha akamtazama kijana. "Mama ana vidonda mgongoni?"

"Hana hata kimoja."

"Mwaka mzima kitandani, hana hata kimoja?"

"Namgeuza, bwana. Hata usiku."

Waganga wale wawili walitazamana. Daktari akaikunja ile karatasi.

"Karatasi yenye uongo siipeleki chuoni. Mwaka huu huendi. Mwakani rudi, na uandike haya uliyosema leo."

Barazani Eliudi alisimama pembeni, kama mtu anayengoja kufukuzwa.

"Nimepoteza chuo. Niambie tu kama nimekupoteza na wewe."

"Hukuniamini," alisema Rahabu. "Hilo linaniuma kuliko tarumbeta. Nilidhani naolewa na mchawi, Eliudi, na bado miguu ilikataa kuondoka!"

Jioni ile alimweleza baba yake kila kitu. Mzee Sefania alichukua fimbo yake, wakashika njia hadi kwa akina Eliudi. Mzee alibisha, akaingia, akasimama kando ya kitanda.

"Mama Eliudi, nimekuja kusikia kwa kinywa chako. Laana hutoka kwa mzazi. Kijana huyu umemlaani?"

Mgonjwa alihangaika na ulimi wake mzito.

"Mimi... humbariki. Kila jioni... akinifunika."

Mzee alivua kofia, akaishika kifuani.

"Basi mimi ni nani hata nimhukumu?" alisema, akatoka nje kwenye baridi ili wasimwone akilia.

Eliudi alileta maji ya moto. Kwa mazoea alikwenda kufunga mlango.

"Uache," alisema Rahabu, huku akikunja mikono ya gauni. "Mkwe wangu namwosha mimi. Wewe mwinue tu mgongo, ugeukie ukutani."

Siku ya harusi matarumbeta yalilia Magamba nzima. Kornelio, kwa utani, alimpa bwana harusi la kwake apulize. Likatoka mlio wa mbuzi aliyekabwa, watu wakaangua kicheko, na daktari akacheka kuliko wote.

Kabla ya chakula kuliwa, maharusi walitoweka kidogo. Hakuna aliyeuliza wamekwenda wapi. Ilikuwa saa ya kumgeuza mama.