Komeo la Uvunguni

Mimi ni mshona nguo, na mshona nguo hana muda wa kutunga uongo. Uongo haulipi na cherehani haingoji. Kwa hiyo haya ninayosimulia yachukue kama yalivyo, na ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi mwanzoni nilicheka.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimefungua dirisha la chumba cha mbele ninamoshonea, nina sare kumi na mbili za shule za kukunja pindo, mara kaka yangu huyo anaingia na mlango mgongoni. Mlango mzima, wa mbao nzito nyeusi, bawaba zimeng'olewa. Kuna nyumba ya zamani ilikuwa inabomolewa karibu na karakana yake, na wabomoaji wakamwambia achukue anachokitaka.

"Kaka, hii nyumba ina milango ya kutosha," nikamwambia.

"Hiki ni kitanda," akajibu, anahema.

Kaka yangu ni seremala, tena seremala haswa. Nusu ya mtaa wanalala juu ya kazi yake. Lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi: binti yake wa pekee, wa miaka minane, alikuwa bado analala kwenye godoro sakafuni, huku baba mtu akiahidi kitanda kila mwezi. Mtoto huyo tunamwita Maswali. Jina la shule analo, ila nyumbani halitumiki, maana tangu ajue kusema hajapata kumaliza dakika tano bila kuuliza kitu. Kwa nini uzi unaisha? Sindano inajuaje pa kutokea? Ukimjibu moja, linazaa mawili.

Kaka akatengeneza fremu, na badala ya chaga akalaza ule mlango. Upande wake mmoja ulikuwa laini. Upande wa pili, ule uliokuwa ukitazama ndani ya nyumba yake ya zamani, ulikuwa bado na komeo la chuma, limefungwa, limeshikwa na kutu. Skrubu hazikukubali kutoka. Basi akaugeuza upande laini ukaja juu, godoro likawekwa, komeo likabaki uvunguni.

"Utaliacha hivyo hivyo?" nikauliza.

"Kwani nani analala uvunguni, dada? Wewe?" Akacheka. "Mlango ukishalazwa si mlango tena. Ni ubao."

Maswali alikuwa amesimama hapo, ameuma kidole. "Baba, komeo si linakaa ndani? Sasa ndani ni wapi?"

Tulicheka mpaka wifi yangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kaka akasema huyu mtoto atakuwa wakili.

Wakati huo Maswali alikuwa ametoka kuugua homa, na wifi, ambaye ni nesi, aliagiza kwamba akirudi shule mchana ale, kisha alale. Wao wenyewe walikuwa makazini. Aliyebaki nyumbani na mtoto ni mimi na cherehani yangu, na chumba chake kinapakana na changu. Akiamka alikuwa anakuja kunibishia mlangoni, kwa mtindo wake: ngo ngo ngo, anatulia kidogo, halafu ngo ya mwisho, kama mtu aliyesahau kitu akarudi.

"Shangazi, ndoto zinatoka wapi?" akaniuliza wiki ile ya kwanza.

"Tumboni. Umekula sana."

Hakuridhika. Jioni akamuuliza mama yake. Wifi akasema ubongo nao ni mtu wa usafi, usiku unafagia takataka za mchana, na vumbi linaloruka ndilo ndoto. Jibu zuri. Ningemwachia hilo. Lakini mimi na mdomo wangu huu, kesho yake nikamsimulia alivyokuwa akisema marehemu mama yetu: kwamba anayeota ametoka, na mwili umebaki kumlindia nyumba. Ndiyo maana mama hakuruhusu mtu aliyelala atikiswe, wala mlango ubamizwe karibu naye. "Usimfungie aliyetoka," alikuwa anasema. Nilimsimulia kama hadithi tu, huku napima mikono yake nimshonee gauni la kijani.

Siku chache baadaye alikuja akiwa bado na alama za mto shavuni.

"Shangazi, kuna mtu anabisha. Chini yangu. Anasema hodi."

"Ndotoni?"

"Ndiyo. Kila siku. Mimi namnyamazia tu. Ni vibaya?"

Nilikuwa na pini mdomoni na mteja ananisubiri. Laiti ningekuwa na pini nyingi zaidi. Nilimwambia, "Mtu akibisha hodi anajibiwa karibu. Nimekufundisha mara ngapi? Usiwe mtoto asiye na adabu."

Akaitika, akaenda zake kucheza.

Kesho yake alilala mpaka saa kumi na nusu. Alipoamka hakuja kubisha. Nilimkuta amekaa kitandani anatazama miguu yake. Amemjibu, akaniambia. Na aliyekuwa anabisha kumbe ni mtoto kama yeye, wa kimo chake, amevaa gauni la kijani kama litakalokuwa lake. Gauni lenyewe lilikuwa bado mezani kwangu, halijatiwa mikono.

"Mkacheza?"

"Tumekaa tu. Yeye haulizi kitu, Shangazi. Ananiangalia ninavyoongea." Akafikiri. "Anataka tubadilishane kidogo. Mimi nikaone kwao, yeye aje alale huku. Kwa nini anataka kulala huku?"

Nilichukua ufagio nikajifanya nafagia uvunguni. Nikainama. Lile komeo ambalo kaka na nguvu zake zote alishindwa kulitikisa lilikuwa limesogea nusu. Palipopita chuma kutu ilikuwa imekwanguka, pakabaki pang'avu.

Nilimwambia kaka. Akasema ni panya. Panya afungue komeo! Nikamwambia basi huyo panya tumwajiri karakana. Tulicheka, lakini mimi kicheko hakikufika mbali. Wiki nzima mishono yangu ilipinda. Nilikuwa nashona mstari mmoja, nanyanyuka kwenda kumchungulia mtoto, narudi, nashona mwingine, nanyanyuka tena. Nilimhamishia kitandani kwangu, akawa halali, analia anataka chake. Wifi akaniambia, kwa upole, kwamba namdekeza.

Jumanne ile alilala saa nane.

Saa kumi nikamwita. Kimya.

Saa kumi na nusu nikamwita tena, karibu na sikio. Anapumua. Pumzi ndefu, moja, halafu unangoja mpaka unaogopa, ndipo inakuja nyingine. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Nilimjua mtoto wangu. Alikuwa anauliza.

Kisha midomo ikatulia.

Nilimpigia kaka simu, sikumbuki nilisema nini. Alikuja mbio, nyundo ingali mkononi. Akamwita. Akamtikisa, na mimi nikamwacha amtikise. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaenda na kurudi tu.

"Angalia chini," nikanong'ona.

Akaingia uvunguni. Nikasikia sauti yake ikitoka huko, nyembamba, si yake.

"Dada. Liko wazi. Lote."

Na hapa ndipo ninapotaka nisikilizwe vizuri, maana kaka tangu siku ile anajilaumu yeye, na si yeye. Yeye aliuliza, "Nifanyeje?" Ni mimi niliyesema. Nilisema, "Funga!" Nilipiga kelele. "Funga, funga kabla hakijatoka kitu!"

Nyundo ikapiga mara moja. Komeo likaingia.

Maswali akafumbua macho.

Kaka alitoka uvunguni akamkumbatia, akalia kama mtoto, na mimi nikalia, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mtoto alikuwa anatutazama juu ya bega la baba yake. Alinitazama mimi. Akatazama ukuta, dirisha, mikono yake mwenyewe. Akasema, "Nimeamka." Basi. Ndipo maneno ya mama yetu yakanijia, na machozi yakanikauka.

Kaka hakungoja hata wifi arudi. Aliuburuta mlango uani. Zile skrubu zilizokuwa na kutu zilitoka kwa vidole. Komeo akalitupa, mimi nikaliokota, sijui kwa nini. Akamwaga mafuta ya taa akawasha. Moto ulipopanda nikauona ule upande wa ndani kwenye mwanga kwa mara ya kwanza tangu ulazwe. Pale lilipokuwa komeo palikuwa na mikwaruzo. Mipya, myeupe kwenye mbao nyeusi. Minne kulia, minne kushoto. Mimi napima mikono ya watu tangu nina miaka kumi na saba, na mkono ule nilikuwa nimeupima wiki mbili nyuma kwa ajili ya gauni. Niliujua upana wake.

Moto ulikuwa umeshashika katikati. Au labda haukuwa umeshika sana. Sikusema kitu.

Miezi saba imepita. Mtoto amenawiri, shuleni anasifiwa, anaamkia wakubwa, anakula bila kubembelezwa. Gauni la kijani nilipolimaliza alilivaa bila kujitazama, akajua kifungo cha mgongoni kilipo. Wifi anasema amekua. Bado tunamwita Maswali, kwa mazoea. Lakini hajauliza swali hata moja. Hata saa ngapi hajauliza. Kuna siku nilijikaza nikamuuliza mimi.

"Siku hizi unaota nini, mama?"

"Mimi sioti, Shangazi."

Kaka hatengenezi vitanda tena. Meza tu, na viti. Hajaniambia sababu na mimi sijamuuliza, na tukiwa mezani hakai upande wa kumtazama mtoto usoni.

Anayeota ni mimi. Mchana, nikilaza kichwa juu ya cherehani dakika tano, inakuja: ngo ngo ngo. Kimya. Ngo. Nataka kusema karibu na ulimi hauinuki. Halafu ile sauti, ya karibu kabisa, isiyo na hasira. Ingekuwa na hasira ningevumilia.

"Shangazi, kwa nini mmefunga?"

Kila siku swali jipya. Baba amerudi kazini? Gauni langu limeisha? Nimekosa nini?

Wataalamu waseme ndoto ni vumbi la ubongo. Sibishani nao. Mimi najua ninachojua, na ninalo lile komeo. Liko kwenye droo ya cherehani, limefungwa, limeshika kutu upya ingawa droo haina unyevu. Mlango wake umekuwa majivu, sasa komeo hilo linafunga nini sijui, lakini linafunga. Kila alasiri nalitia mafuta ya cherehani, tone moja kila upande, nalishika kwa kitambaa, navuta. Nimechubuka vidole. Mtoto wa watu hawezi kukaa huko kwa sababu ya mdomo wangu.

Jana lilisogea. Kidogo, unene wa uzi.

Nilisikia pumzi nyuma yangu. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa lile gauni. Sikumsikia akija. Hakubisha, huyu habishi. Alikuwa haniangalii mimi, anaangalia droo.

"Shangazi," akanong'ona. "Usifungue."

Akageuka, akaenda kumsaidia mama yake kuosha vyombo.

Leo asubuhi nimevuta droo nitie mafuta tena. Komeo lipo palepale. Ila kwenye ubao wa droo, chini yake, kuna mkwaruzo mweupe ambao jana haukuwepo, na unga wake bado haujapeperuka. Umepinda juu, umeshuka, na chini yake kuna nukta. Alama ya kuuliza, imeandikwa kwa uangalifu, kama wanavyofundishwa darasa la pili.