Hodi Ugenini

Ndege mbili na basi moja zilikuwa zimemmaliza fundi cherehani. Miguu ilimvimba hadi viatu vikamkataa. Mgongoni alimbeba Kasuku, mtoto wa dada yake, miaka minne, asiyejua kunyamaza hata juu ya mawingu. Alikuwa na jukumu moja tu: amfikishe salama kwa mama yake, aliyemwacha angali anatambaa.

Dada alikuwa kazini, akifua mashuka ya hospitali, na ufunguo wa pili aliuacha kwa mlinzi wa jengo. Mzee yule hakujua neno la Kiswahili, basi wakaongea kwa mikono. Aligusa sikio lake. Akauonyesha mlango. Kisha akaweka kidole mdomoni.

Fundi akaelewa kwamba kelele hazitakiwi. Akacheka moyoni: kwa mdomo wa Kasuku, kesho wangefukuzwa.

Alimlaza mtoto kitandani, akaenda jikoni kuchemsha maji. Nje giza lilikuwa linaingia. Usingizi ukamkuta amesimama.

Kwa... kwa... kwa...

Ndala zilikuwa zinaburutwa koridoni. Zikasimama mlangoni.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke mtu mzima, ya upole.

"Karibu," fundi akaitikia, amefumba macho.

Mazoea yana taabu. Neno lilishatoka ndipo akili ikaamka. Katika jengo hili... nani wa kupiga hodi?

Kitasa hakikugeuka. Mlango haukufunguka.

Kwa... kwa...

Ndani.

Zilipita nyuma yake, zikaelekea chumbani. Harufu ikafuata, ya nguo iliyokaa sandukuni mpaka ikavunda. Fundi aliijua harufu ile. Wateja humletea nguo za marehemu azipunguze. Alitaka kumkimbilia Kasuku. Akabaki palepale jikoni. Aliogopa, na aliona aibu kwa woga wake.

Ufunguo ukalia mlangoni. Ni dada. Hakumkumbatia mdogo wake, alimtazama uso tu.

"Umemwitikia?" akanong'ona.

Fundi akatikisa kichwa kukubali. Dada akakaa sakafuni. Akaeleza kwa sauti ya chini kuwa aliishi humu bibi mmoja, mwenye lugha yao, akafa peke yake kwenye kitanda kile. Kila jioni majirani humsikia akibisha, ila hakuna anayejua kumjibu. Yeye dada alijua. Miaka mitatu ameuma ulimi, maana chumba kingine hakupata.

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Ungeniletea mwanangu?"

Wakaenda chumbani wameshikana mikono.

Kasuku alikuwa macho. Amejisogeza hadi ukutani, amemwachia mtu nafasi. Upande ule wa pili godoro lilikuwa limebonyea.

Dada akamwita kwa jina lake. Mtoto akamwangalia kidogo, kisha akaugeukia mto mtupu.

"Ndiyo, bibi," akasema. "Wanasema ndiye mama. Lakini mimi simjui. Nitalala na wewe."