Sahani Iliyovuka Kizingiti

Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya milima Bi Ghaniya alipomtuma Kuruthum dukani akanunue mkaa wa chetezo. Nyumba ilikuwa imefungwa miaka mitatu, na harufu ya unyevu ilikuwa imeganda mpaka kwenye mapazia.

"Mchukue na Maram," alisema. "Wala usimwachie mkono. Mji huu una mambo yake."

Maram, binti wa Bi Ghaniya, alikuwa na miaka minne. Tangu Kuruthum avuke bahari kutoka Tanga kwenda Ibra, kuwa yaya nyumbani kwao, yeye ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akamlaza. Mtoto huyu ndiye aliyemfanya asilie usiku.

Mji huu waliofikia leo ulikuwa mdogo, mbali na Ibra, pwani kupita Sur, nyumba chache zimeipa bahari mgongo. Zamani vijana kadhaa wa hapa walipelekwa Urusi kusoma, wakarudi na wake. Ndiyo maana watoto waliocheza mpira ufukweni walikuwa weusi wa jua na macho ya kijivu. Bwana Thabit, baba yake Maram, alizaliwa na mmoja wa wake hao. Mke huyo aliitwa Bibi Vera. Kiswahili alifundishwa na wakwe zake waliotoka Unguja.

Mwenye duka, mzee Khattab, alimtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Nyinyi ndio mlofungua nyumba ya Vera?"

"Ndiyo, babu. Nyumba ya marehemu."

"Hapa hatumwiti marehemu." Alishusha sauti. "Alipokea sahani mlangoni, wakati kama huu. Aliyeleta hakuingia, naye hakutoka. Asubuhi wakamkuta hana pumzi. Mimi nililibeba lile jeneza, mwanangu. Lilikuwa jepesi... kama halina mtu. Huyo hakufa. Kaghibishwa, kafichwa yu hai. Wachawi wanamtumikisha mpaka leo."

Kuruthum alilipa, akaondoka haraka. Sasa alielewa kwa nini Bwana Thabit, hata kule Ibra, hakukubali kitu kipokelewe juu ya kizingiti. Ama mgeni aingie, ama wewe utoke. Mara mbili alishagombezwa, akadhani ni mambo ya Kirusi tu.

Walipofika nyumbani, Bwana Thabit alikuwa ameshakwenda msikitini. Bi Ghaniya yuko juu, anakung'uta magodoro.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kuruthum alifungua. Nje alisimama bibi mweupe, kitambaa cha maua amekifunga chini ya kidevu. Jirani, alidhani, mmoja wa wale wake. Mikononi ameshika sahani iliyofunikwa kwa leso.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. Alitabasamu tu, midomo imefungwa.

"Karibu ndani."

"Siingii. Pokea."

Mikono ilitangulia kabla ya akili. Mtu mzima akikupa, unapokea kwa mikono miwili, ndivyo alivyolelewa. Sahani ilikuwa ya baridi inayouma vidole. Ilinuka udongo uliomwagiwa maji. Chini ya leso, mkate mweusi na chumvi kidogo.

"Sahani ya jirani hairudi tupu," bibi alinong'ona. "Au siku hizi mmeacha?"

Kuruthum aliona haya. "Hatujaacha, bibi. Nikutilie nini?"

Macho ya kijivu yaliteremka taratibu, yakatua kwa Maram.

"Chochote kilichopo."

Aliiweka sahani juu ya kigoda, akakimbilia jikoni kuchukua tende. Hatua kumi tu. Kwa ajili ya hatua hizo kumi aliuachia mkono wa mtoto.

Adhana ya magharibi ilianza... ikakatika katikati.

Akamsikia Maram akicheka.

Akarudi mbio.

Alipotokeza, Maram alikuwa mguu mmoja ndani, mmoja nje, mkono wake umo mkononi mwa yule bibi. Na kwenye kifundo cha mkono ule mweupe palikuwa na alama ya kamba. Mbichi.

"Niache nimchukue," bibi alisema. "Nikirudi mikono mitupu watanipiga."

Kuruthum alimdaka mtoto kiunoni, akavuta kwa nguvu zake zote huku akisoma aya alizozikumbuka. Ule mkono ukaachia. Mlango ukafungwa kwa kishindo.

Bi Ghaniya alishuka mbio. Alipoiona sahani, alikaa pale pale kwenye ngazi.

"Hiyo ndiyo aliyoletewa mama Vera," alisema polepole. "Niliiosha kwa mikono yangu. Siku ya maziko haikuonekana."

Bwana Thabit aliporudi, aliitambua ile sahani. Aliijaza sahani tende, akatoka nayo mpaka nje, akaiweka chini. Wakaingia garini kurudi Ibra.

Walipoukaribia mji wa Al Kamil, Maram alikuwa amelala mapajani mwa Kuruthum.

"Mtoto hajala kitu pale?" Bi Ghaniya aliuliza, bila kugeuka.

"Hajala, bi mkubwa."

Ndivyo alivyoamini. Kisha wakapita kituo cha mafuta, na taa zake zikaumulika uso wa mtoto. Kwenye pembe za mdomo palikuwa na chembe nyeusi za mkate. Na punje za chumvi, ziking'aa.

Alizifuta kwa ncha ya kanga.

"Maram," alinong'ona. "Maram, mama..."

Mtoto hakufumbua macho. Alitabasamu tu, midomo imefungwa. Halafu akasema, kwa upole, kama mtu aliyekuwa na deni la salamu:

"Marahaba, mwanangu."